Mhusika Mwema Aletaye Kero: Kutoka Juliasi Kaizari hadi Maigizo ya Televisheni

Katika uhakiki wa fasihi yetu tumezoea kuwagawa wahusika katika mafungu mawili, wema na wabaya, kisha kumtaka mwanafunzi aeleze kila fungu linafundisha nini. Mgawanyo huo una manufaa yake darasani, lakini unaliacha nje kundi ambalo kila mtazamaji wa maigizo analifahamu vizuri, ingawa vitabu vya uhakiki havilitaji. Ni kundi la wahusika walioumbwa na watunzi wao ili wapendwe, nao hawapendwi. Wanaoingia jukwaani kwa nia njema, wakatoka wameiacha hadhira ikiguna. Mhusika mwovu anayechukiza amefanya kazi aliyotumwa. Huyu wa pili anachukiza bila ya kutumwa, na mtunzi wake aghalabu ndiye mtu wa mwisho kujua.

Suala hili si dogo, wala si la burudani tupu. Taifa letu limezitwisha sanaa za maonyesho mzigo mkubwa wa kuelimisha, tangu enzi za Azimio la Arusha hadi leo. Ikiwa mhusika anayebeba elimu hiyo ndiye anayewaudhi wananchi, basi mzigo unaanguka njiani, na pengine yule mlaghai aliyewekwa ili alaaniwe ndiye vijana wanaomwiga mtaani. Hapana budi tuulize sababu.

Yafaa tuanzie Butiama, kwa kuwa mwana wa kijiji hicho ndiye aliyetuletea kwa Kiswahili mmoja wa wahusika wa namna hii walio mashuhuri kupita wote. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alitoa tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Tanganyika. Akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Vizazi kadhaa vya wanafunzi vimeisoma. Mwanafunzi anapoulizwa ni nani shujaa wa tamthilia ile, hujibu kwamba ni Brutus, kwa sababu ni mwaminifu, anaipenda nchi yake, na hakuua kwa wivu. Jibu hilo hupata alama. Lakini mpe mwanafunzi huyohuyo nafasi ya kusema yaliyo moyoni, atakuambia kwamba Brutus anamchosha.

Anamchosha kwa nini? Tuutazame ugomvi wa Brutus na Cassius hemani, katika sehemu ya nne. Cassius amekuja na malalamiko yake. Brutus anamshutumu kuwa ni mla rushwa, anayeuza vyeo kwa dhahabu. Shutuma hiyo huenda ni ya haki. Lakini maneno hayajapoa, Brutus analalamika kwamba alimwomba Cassius fedha za kuwalipa askari wake, naye akamnyima. Na yeye Brutus hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu. Maana yake ni nini? Ni kwamba mikono yake itabaki safi madhali kuna rafiki mwenye mikono michafu wa kumkopesha. Haya anayatamka kwa sauti ya mtu aliye juu ya mlima. Tena si mara moja tu. Anakataa Antony asiuawe, na hapo tunamsifu. Anamruhusu Antony ahutubie maziko, na hapo tunashangaa. Anawalazimisha wenzake waende kupigana Philippi kinyume cha shauri la Cassius, na hapo tunakata tamaa. Mara zote tatu Cassius ndiye mwenye busara ya vita na siasa, na mara zote tatu Brutus anamnyamazisha kwa uzito wa uadilifu wake.

Liko jambo jingine katika onyesho lilelile ambalo walimu wengi hulipita haraka. Brutus anamwambia Cassius kwamba mkewe Portia amekufa. Punde anaingia Messala mwenye habari hiyohiyo, akamwuliza kama amepata barua kutoka kwa mkewe. Brutus anajibu kana kwamba hajui lolote, kisha anaipokea habari ya kifo kwa utulivu unaowastaajabisha waliokuwapo. Wako wataalamu wanaodhani kwamba hapa zimechanganyika rasimu mbili za mtunzi na wachapaji wakazichapa zote. Huenda ni kweli. Lakini sisi tunaosoma tamthilia kama ilivyo tunamwona mtu anayeufanyia maonyesho msiba wake mwenyewe ili asifiwe uvumilivu. Shakespeare, tunavyoamini, alizijua baadhi ya kasoro za Brutus na akazipanda kwa makusudi. Hii ya hemani tunatia shaka kama aliikusudia. Hata hivyo ndiyo inayotufanya tumfahamu mtu huyu kuliko hotuba zake zote.

Tafsiri ya pili ya Mwalimu, Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969 pia, ina mfano ulio mkali zaidi kwa msomaji wa Kiafrika. Portia wa tamthilia hii, asiyehusiana na yule wa Rumi, aliumbwa ili apendwe na kila mtu: ni tajiri, mzuri, ana akili kuliko wanaume wote wa Venisi, na anazungumza juu ya huruma kwa ufasaha ambao wanafunzi huukariri. Lakini mwana wa mfalme wa Moroko anapochagua kisanduku kibaya na kuondoka kwa adabu, bibi huyu anashukuru, na kutamani wenye rangi kama yake wote wachague vivyo hivyo. Watazamaji wa London wa karne ya 16 huenda walicheka. Darasa la Musoma halicheki. Na huruma aliyoihubiri mahakamani haimfikii Shylock, anayeondoka amenyang'anywa mali na kulazimishwa kuacha dini yake. Hapa tunaona jicho kali la mfasiri. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu aliwaita mabepari, wengi, bila ya kutenga aliye mwema. Kwa neno moja la jalada alitoa hukumu ambayo insha nyingi za uhakiki hazijaifikia.

Sasa tuje kwa watunzi wetu wenyewe, na tuseme bila kuficha: mhusika mwema mwenye kero tulimlea sisi, na jina la malezi hayo ni ngonjera. Marehemu Mathias Mnyampala, anayehesabiwa mwanzilishi wa ngonjera kama tunazozifahamu, alitunga Ngonjera za UKUTA, ambazo vitabu vyake viwili vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya kufariki kwake mwaka 1969. Hatumlaumu. Alikuwa mshairi stadi, na kazi aliyoitiwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilihitaji chombo chepesi kinachoweza kufika kila shule na kila kijiji. Ngonjera zilifika. Lakini utaratibu wake ulikuwa mmoja: mjinga anabisha, mjuzi anaeleza, mjinga anaongeza ubishi kidogo, mjuzi anaongeza maelezo, mjinga anakubali na kushukuru. Mjuzi haulizi swali hata moja ambalo hajui jibu lake. Hashindwi, hacheki, hana njaa wala deni. Watoto wetu wa shule za msingi, walipogawiwa sehemu za kuigiza, waligombea ile ya mjinga, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na uhai. Walimu wengi wamelishuhudia jambo hilo, ila hatukulifanyia uhakiki.

Mjuzi wa ngonjera alipohamia katika televisheni alibadili mavazi tu. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, na ya rangi. Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na Televisheni ya Taifa ikafuata baada ya miaka michache. Vikundi vya maigizo vilipata jukwaa ambalo hawakulitazamia, na kati yao Kaole kilijipatia umaarufu mkubwa. Katika michezo mingi ya miaka ile na iliyofuata tunakutana na mjuzi wetu tena. Safari hii ni daktari aliyevaa koti jeupe, au mjomba aliyesoma ng'ambo, au binti wa kidato cha nne anayewasuta wazazi wake kwa maneno ambayo hakuna binti wa kidato cha nne aliyewahi kuyatamka mbele ya baba yake. Anaingia sebuleni, anakaa kitako, anaeleza. Wenzake wanatikisa vichwa.

Pamoja naye yuko mke mwema anayelia. Huyu tungependa kumtetea, maana mateso yake ni ya kweli na wanawake wengi wa nchi hii wanayafahamu. Lakini analia katika sehemu ya kwanza, analia katika ya pili, na kufikia ya nane watazamaji waliokuwa upande wake wameanza kumwuliza, kwa sauti, kwa nini hana ndugu, hana shoga, hana shamba, hana hata hasira. Mtunzi alidhani kwamba kumnyima kila kitu ni kumwongezea huruma yetu. Kumbe amemnyima utu.

Msomaji anaweza kuuliza: iweje mtunzi asijue kwamba mhusika wake anaudhi? Jibu letu ni kwamba televisheni imemtenga fanani na hadhira yake. Mpiga litungu wa Mara anapoketi na ala yake ya nyuzi nane, wasikilizaji wako mbele yake. Anamsifu mmoja, anamchokoza mwingine. Wimbo ukirefuka bila utamu anaona nyuso zikigeuka, naye anageuza wimbo. Msimulizi wa hadithi za jioni vilevile: kiitikio kikilegea anajua kwamba watoto wanasinzia. Mwigizaji wa televisheni anacheza mbele ya mashine isiyoguna. Katika vibanda vya kuonyeshea video vya Butiama na Kiabakari watazamaji hawakai kimya hata kidogo. Mjuzi anapotokea husikika maneno ambayo hatutayaandika hapa. Lakini maneno hayo hayafiki Dar es Salaam. Mchezo wa wiki ijayo umekwisha kurekodiwa, na mjuzi yumo, na koti lake jeupe.

Kuna mhusika mwingine ambaye kero yake inatugusa sisi wa Mara kwa namna ya pekee, naye ni Mkurya wa vichekesho. Hakuumbwa kwa chuki. Aliumbwa ili achekeshe, na katika mikoa mingine anachekesha kweli. Ni mlinzi wa geti au askari, ana kirungu, anasema kwa ukali hata anapoomba maji ya kunywa, kila sentensi yake inaishia na neno "mura", neno ambalo kwa Kikurya humwitia kijana wa kiume na ambalo kwenye televisheni limekuwa kama nukta. Hasira yake inapanda bila ya sababu na kushuka bila ya sababu.

Kwanza, mhusika huyu hana habari na jiografia. Butiama, ambayo ni wilaya kamili tangu mwaka 2012, ni nchi ya Wazanaki. Jirani zao ni Waikizu, Wajita, Wakwaya, Waruri, Wangoreme, Wasimbiti, Wajaluo, na Wakurya wenyewe, ambao kitovu chao ni Tarime na Serengeti. Lugha ni nyingi na desturi hazifanani. Katika vichekesho wote hawa wameunganishwa kuwa mtu mmoja mwenye kirungu. Ni kichekesho juu ya kichekesho kwamba mkoa uliotoa mfasiri wa Shakespeare unajulikana kwenye televisheni kwa mtu asiyeweza kumaliza sentensi mbili bila kutishia.

Wapo wanaosema kwamba huu ni utani tu, na kwamba utani ni sehemu ya utamaduni wa taifa letu. Tunaikubali nusu ya hoja hiyo. Utani umewaunganisha watu wa nchi hii kwa muda mrefu. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kuambiana mbele ya jeneza maneno ambayo mtu mwingine akiyasema yangezua ugomvi. Lakini utani una sheria. Mtani hujibiwa. Anayekutania leo kesho utamtania wewe, tena mbele ya watu walewale. Mkurya wa televisheni hajibiwi. Anayetaniwa yuko Butiama, anayetania yuko studio, na kati yao hakuna njia ya kurudisha neno. Kijana wa Kizanaki anapopelekwa shule ya bweni katika mkoa mwingine, anamkuta mhusika huyu amemtangulia bwenini. Wenzake wanamchokoza ili waone kama atakasirika. Akikasirika, wamepata walichokitaka. Asipokasirika, wanamwambia kuwa si mtu wa Mara halisi. Waigizaji hawakuyakusudia haya, na wengi wao ni watu wa heshima wanaoishi kwa jasho la sanaa yao. Kutokusudia hakumpunguzii kijana yule maudhi.

Upande wa pili wa jambo hili tutaupitia kwa ufupi, maana umekwisha kuandikwa sana kwingineko. Nchini Marekani, mchezo uitwao All in the Family, ulioanza mwaka 1971, ulimweka Archie Bunker, mbaguzi wa rangi, ili watu wamcheke na kuuacha ubaguzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1974 ulionyesha kwamba watazamaji wenye chuki walimwona Archie kuwa ndiye msema kweli. India nayo, katika mchezo wa Hum Log wa 1984 na 1985, ilimweka mama mnyonge aitwaye Bhagwanti ili wanawake waone ubaya wa unyonge. Wengi wakamwona kuwa kielelezo cha mke mwema. Hapa kwetu, Radio Tanzania ilipoanza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, watunzi walizitumia kanuni zilezile zilizotokea Mexico: yuko mhusika mwema, yuko mwovu, na yuko wa katikati anayebadilika. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alikuwa mwovu, na UKIMWI ukamkuta. Ila aliyeubeba mchezo ule, kwa maoni yetu, ni mkewe Tunu. Haanzi akiwa anajua. Anavumilia, anajidanganya, anachelewa, ndipo anaondoka. Hatukumbuki kuwasikia wasikilizaji wakimlalamikia Tunu, ingawa alikuwa mke mwema na alikuwa na mengi ya kulilia.

Tofauti, basi, haiko katika wema. Iko katika gharama ya wema huo. Marehemu Shaaban Robert alilijua hili, ingawa wapo wahakiki wanaomshutumu kwa kuumba malaika badala ya watu. Tunakiri kwamba majina ya wahusika wake yanawafungia njia: aitwaye Adili atakosaje kuwa mwadilifu, na aitwaye Hasidi atapata wapi nafasi ya kutubu? Hata hivyo katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, liko jambo linalomwokoa Adili asiwe mjuzi wa koti jeupe. Ndugu zake waliomtosa baharini wamegeuzwa manyani, naye ameamriwa na jini awapige kila usiku. Anawapiga. Mtu aliyekwisha kuwasamehe moyoni anashika kiboko usiku hadi usiku, kwa siri, akiteseka kuliko wanaopigwa. Hapo msomaji hana nafasi ya kuguna. Anataka kujua tu mtu huyu ataishi vipi na usiku wa kesho. Na miaka sitini baadaye, katika Siri ya Mtungi, mchezo wa televisheni ulioanza mwaka 2012 ukiwa na lengo la elimu ya afya, Cheche, mpigapicha kijana wa Bagamoyo, alipewa ruhusa ya kukosea katika ndoa yake na katika biashara yake. Elimu ilipita katikati ya makosa yake, bila ya mtu kuketi sebuleni na kueleza.

Tunawashauri walimu wenzetu walete kero darasani badala ya kuizuia mlangoni. Mwanafunzi anayesema kwamba Brutus anamwudhi hajashindwa kuielewa tamthilia; amefika mahali ambapo uhakiki unaanza. Aulizwe ni neno gani lililomwudhi, katika onyesho gani, na je, mtunzi anaonekana kulijua. Vivyo hivyo kwa mjuzi wa televisheni, na kwa Mkurya wa vichekesho. Swali la mtihani linalomtaka aorodheshe sifa njema tano za mhusika mkuu linamfundisha kusema uongo kwa ufasaha, na hatudhani kwamba baraza lolote la mitihani lilikusudia hivyo.

Limebaki jambo moja ambalo tungelionea haya kuliacha, kwa kuwa tumeanzia Butiama. Mwalimu mwenyewe naye amekuwa mhusika. Kila ifikapo Oktoba 14 shule huigiza maisha yake, redio na televisheni huirudia sauti yake, na karibu kila mchezo unampa sura moja: mzee mwenye fimbo, asiyekosea, anayewaeleza wengine nao wakatikisa vichwa. Ni mjuzi wa ngonjera aliyerudi nyumbani. Wanafunzi wanaoketi juani kumtazama huanza kunong'ona baada ya dakika kumi, na mwalimu wa zamu huwakemea kwa utovu wa heshima. Lakini Nyerere wa kweli alikiri katika mahojiano ya mwaka 1984 kwamba serikali yake ilikosea ilipozifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976. Aliirudia tafsiri yake ya kwanza na kuisahihisha hadharani. Alipenda bao, na mchezaji wa bao, hata awe nani, huliwa kete mbele ya watu. Mtu huyo anaweza kuigizwa. Kinachotakiwa ni kijana wa kidato cha tatu atakayeruhusiwa kumwandikia onyesho ambalo anaanza akiwa ameshindwa, kibarazani Mwitongo, na jirani yake anamcheka.